Diski Ilikuwa Nzima

Tuanzie saa nne na dakika chache za Jumamosi ile, maana kila kilichoharibika kiliharibikia hapo. Diski ya mashine pepe ilikuwa imeshavuka salama kutoka VMware hadi Proxmox. Kilichobaki ni kuichomeka na kuwasha. Kijana aliyeshika kibodi akafungua orodha ya maunzi, akafika penye aina ya kontrola, akachagua VirtIO SCSI, akawasha. Sisi tuliosimama nyuma yake katika chumba kile cha seva hapa Kakamega tukaona vitone vya Windows vikizunguka kidogo, kisha skrini ikageuka bluu.

Wengi wenu mlikuwepo, na wasiokuwepo wamesimuliwa. Ofisi siitaji wala kijana simtaji. Ana mikono myepesi na atafika mbali. Lakini uamuzi ule ulikuwa kosa, tena la wazi. Windows haiwashwi kwa mara ya kwanza kwenye kontrola ambayo haijawahi kukutana nayo. Kufanya hivyo ni kumwingiza mchezaji uwanjani Bukhungu bila njumu, kisha kulalamika kwamba anateleza.

Wakati wa kuwaka, Windows huisoma diski kwa njia mbili, moja baada ya nyingine. Mwanzo inasomewa na BIOS au UEFI ya mashine pepe. Ndiyo maana vile vitone vilionekana. Katika hatua hiyo kerneli hupakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na draiva chache zilizoandikwa katika rejista kwamba ni za kuwashia. Halafu kerneli inashika usukani, inaachana na BIOS, na kuanzia hapo inaitafuta diski kwa draiva zake yenyewe. Mashine hii ilizaliwa VMware, kwenye kontrola ya LSI Logic SAS, na draiva ya kuwashia iliyokuwa nayo ni ya LSI. VirtIO haikuijua kabisa, kwa sababu draiva ya VirtIO haiji na Windows. Ni lazima uilete mwenyewe. Basi kerneli ikageuka kuitafuta diski iliyokuwa ikisomwa sekunde moja iliyopita, isiione. Wazee wanaujua ujumbe ule kwa namba, 0x7B. Vijana wanausoma kwa maneno: INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Maana yake ni moja: diski ya kuwashia haifikiki. Haukusema kwamba diski imeharibika.

Kijana alisoma “imeharibika”. Akafuta faili lililogeuzwa, akarudia qemu-img convert tangu mwanzo, VMDK hadi qcow2, GB 200 nzima. Kwenye waya wa gigabiti moja, hata mambo yakienda vizuri kabisa, hiyo ni nusu saa, na mambo hayakwenda vizuri kabisa kwa kuwa diski za upande wa pili zilikuwa za kuzunguka. Akawasha kwenye VirtIO SCSI ile ile. Bluu. Akageuza mara ya tatu. Bluu. Diski ilikuwa nzima mara zote tatu.

Saa ikawa tisa. Anayeishi Kakamega anajua saa tisa ya msimu wa mvua ina nini: wingu linatanda upande wa msituni, radi, na umeme unapepesa. Kazi iliyopangwa kwisha kabla ya chakula cha mchana ikawa inafanywa kwa betri ya UPS, huku mtu kasimama mlangoni akiulizia jenereta. Hatari ile yote ililetwa na kubofya kumoja kwa saa nne.

Nimeulizwa kama VirtIO ni mbaya. Ni nzuri sana, na pale ndipo diski ilipotakiwa kuishia. Rusty Russell alipoibuni, ikaingia katika Linux mwaka 2008, wazo lake lilikuwa kwamba mashine pepe iache kujidanganya kuwa inaongea na chuma halisi, izungumze moja kwa moja na mwenyeji wake. Ndiyo maana ina kasi. Lakini wazo hilo linahitaji mgeni aijue lugha ya mwenyeji kabla ya kubisha hodi. Fabrice Bellard alipoitoa QEMU mwaka 2003, alishughulika na wageni wasioijua lugha hiyo. Hadi leo, ukiunda mashine pepe ya kawaida ndani ya Proxmox, unapewa ubao wa kuigiza wa i440FX, chipu ya Intel ya mwaka 1996. Vijana wanaucheka uzee huo. Umebakizwa pale ili mfumo wowote ukiamka katika nyumba ngeni ukute japo kitu kimoja unachokifahamu.

Hapa nawakumbuka mafundi waliotangulia, na nitawakumbuka kila nikipata nafasi. Enzi za Windows 2000 na XP, ukitaka kubadilisha ubao mama wa kompyuta, fundi aliyeiva hakuung’oa kwanza. Aliiwasha kompyuta ikiwa na ubao wake wa zamani, akaingia kwenye orodha ya vifaa, akaondoa draiva ya kontrola ya IDE ya kiwanda kile, akaweka ile ya kawaida ya Microsoft inayokubalika popote. Ndipo akazima, akabadilisha ubao, akawasha. Windows iliamka bila kinyongo. Hawakuwa na intaneti ya kuulizia. Walikuwa na daftari na bisibisi. Walijua kwamba matayarisho ya safari hufanywa nyumbani unakotoka. Maarifa hayo hayo ndiyo yaliyomo ndani ya virt-v2v, kifaa cha Red Hat ambacho huingia katika diski ya Windows ikiwa imezimwa, kikapanda draiva za VirtIO na kurekebisha rejista kabla mashine haijaamka upande wa pili. Kipo, ni bure, na Jumamosi ile hakuna aliyekitaja.

Hata bila virt-v2v njia ilikuwa fupi. Diski ichomekwe kwanza kwenye SATA, ambayo Windows ina draiva yake tangu kuzaliwa. SATA ikikataa, IDE. Pembeni iongezwe diski tupu ya GB 1 kwenye VirtIO SCSI. Washa, weka ISO ya virtio-win, sakinisha draiva. Ile diski tupu si pambo: draiva kunakiliwa tu hakutoshi, Windows huiingiza katika orodha ya kuwashia baada ya kukikuta kifaa chenyewe na kukiendesha. Zima, hamisha diski kuu kwenda VirtIO SCSI, ondoa ile ndogo. Halafu, na hapa wengi huanguka, rudi kwenye mpangilio wa kuwasha uitie alama diski upya, maana ukiichomoa alama hupotea, na mashine itadai haina cha kuwashia. Robo saa, chai haijapoa.

Mengine ya siku ile yalifanywa sawasawa: snapshoti ziliunganishwa kabla ya kunakili, VMware Tools iliondolewa mapema, UEFI ilibaki UEFI. Mashine ya pili, ya Debian, iliamka mara moja, maana Debian kwa kawaida hubeba draiva nyingi katika initramfs yake. Kadi yake ya mtandao ilibadilika jina tu kutoka ens192 kuwa ens18, likasahihishwa. Ingekuwa ya ukoo wa Red Hat, ambao hubeba draiva za chuma ulichozaliwa nacho peke yake, tungeona kisa cha Windows kikijirudia, na wa kutuokoa angekuwa kerneli ya dharura.

Na kwa nini haraka yote ile? Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na kabla mwaka haujaisha ikawa imeacha kuuza leseni za kudumu. Februari iliyofuata ikaiondoa ESXi ya bure, ikairudisha baadaye watu wakiwa wameshaanza kufungasha. Ofisi ndogo ndogo za miji kama wetu ndizo zilizobaki na bili mpya mkononi, na kinyongo changu kwa hilo hakijaisha. Lakini Broadcom haikuchagua kontrola Jumamosi ile. Leseni ilikuwa na wiki tatu bado.

Aliyeokoa siku ni mzee mmoja anayetengeneza kompyuta mjini hapa tangu enzi za Windows 98. Aliitwa kwa simu saa kumi, akasikiliza, akauliza swali moja: “Zamani ilikuwa kwenye kontrola gani?” Alipojibiwa, akasema, “Basi iwekeni SATA kwanza, wanangu.” Iliamka papo hapo. Watu wakapiga makofi, wakafunga chumba, wakakimbilia matatu kabla mvua haijarudi.

Na ndipo kosa lilipoachwa nusu njia. Seva ile bado iko kwenye SATA, inafanya kazi ya VirtIO kwa pumzi ya kifaa cha kuigiza, na watumiaji wameanza kusema Proxmox ni nzito. Ndugu yangu mwenye ufunguo wa chumba kile, chagua jioni moja ya wiki hii, chukua nakala ya akiba kwanza, kisha ongeza ile diski ya GB 1.