Usivute kwa Bolti

Garaji haina kibao. Iko nyuma ya nyumba ya matofali ya enzi za Wabelgiji, upande wa Plateau Médical hapa Makiso, Kisangani, na anayeitafuta huongozwa na sauti ya nyundo mpaka aione pikapu nyeupe ya Land Cruiser iliyovuliwa boneti. Nilipita hapo Jumamosi nikielekea soko kuu. Sokoni sikufika. Fundi na binti yake wa miaka 15 walikuwa wameitundika injini kwenye magogo matatu yaliyofungwa juu kwa mnyororo, wanaishusha, na mimi niliyelelewa na dereva wa kamio sikuweza kuipa kazi ile mgongo.

"Mama, legeza mnyororo. Polepole."

"Ndiyo, papa."

Anamwita mama kwa sababu binti amebeba jina la bibi yake, mama mzazi wa fundi. Katika kutwa nzima ile sikusikia akimkaripia, wala sikumwona akimnyang'anya spana mkononi.

Injini yenyewe ilikuwa mpya kwa maana ya Kisangani. Ilichakazwa kwanza Uarabuni, ikavuka bahari hadi Mombasa, ikapita Kampala na Bunia, kisha ikabebwa karibu kilomita 700, nyingi zake kwenye barabara ya taifa namba 4, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, hadi kwetu. Ni 2H ya Toyota: silinda 6, dizeli, lita 4 kasoro kidogo. Haina mkanda wa kukatika wala kompyuta ya kukosea. Meno yanazungusha meno, na mtu mwenye subira anaweza kuifungua yote, akaielewa, akaifunga. Ile iliyotolewa ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Pikapu hizi za mfululizo wa 70 zilianza kutoka kiwandani mwaka 1984, na zilizobaki mjini kwetu zimeshaishi kuliko wengi wa wenyewe wa mwanzo.

Mpita njia huona kazi ya kubadilisha injini ni kunyanyua. Kunyanyua ni kazi ya mnyororo. Ufundi wenyewe uko kwenye klachi. Shafti ya giaboksi lazima ipenye katikati ya sahani ya klachi, meno yakutane na meno, na ncha yake ikakae ndani ya beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki. Sahani ikikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, injini haiingii. Kiwanda kina kifaa chake cha kuiweka sahani sawa. Fundi huyu ana kijiti.

Kijiti hicho nilikishika. Ni cha afrormosia, mti mgumu unaoitangaza misitu yetu duniani kote, na alikichonga kwa kisu yule aliyemfundisha kazi, mzee ambaye sasa ni marehemu. Kina ngazi mbili: ncha nyembamba inayoingia kwenye beringi, na shingo nene inayojaza tundu la sahani. Kimekuwa cheusi kwa grisi na laini kama kitu kilichosuguliwa makusudi. Upande mmoja kuna mkwaruzo mdogo wa kisu, alama inayoonyesha mwisho wa kukisukuma. Mzee yule hakuwa na karatasi ya vipimo. Aliitoa shafti yenyewe, akaiweka mapajani, akachonga, akajaribu, akachonga tena. Fundi anasema iliwachukua siku nzima, naye akiwa kijana akashangaa kwa nini siku nzima ipotee kwa kijiti. Tangu hapo hajahitaji kingine.

Binti ndiye aliyekipachika. Alikaza bolti za presha moja ya kulia, kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, akizunguka, midomo ikihesabu bila sauti. Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai, amenyamaza. Alipomaliza, fundi alinyoosha mkono na kukivuta kijiti kwa vidole viwili. Kikatoka bila kukwama. Hakumsifu. Alimrudishia akifute na kukifunga kwenye kitambaa chake, na mtoto yule alikifunga kama anayekunja nguo ya kanisani.

Ikaja saa ya kuingiza. Injini ikakaribia giaboksi ikasimama, kukabaki nafasi ya upana wa kidole. Kijana mmoja wa garaji ya jirani, aliyekuwa amekuja kutazama, akatoa shauri ambalo ungelisikia katika garaji nyingi za mji huu: papa, tupachike bolti ndefu, tukaze, itaingia yenyewe.

"Usivute kwa bolti," fundi akasema. "Bolti inashika kilichokwisha kuingia."

Akamtuma binti mbele na spana, aizungushe krenki kwa puli, unywele mmoja tu. Yeye akalala chini akainua jeki ya giaboksi kidogo. Bado. Akashusha. Binti akazungusha tena, safari hii bila kuambiwa, maana alikuwa ameweka kiganja juu ya bloku akiusikiliza mguso wa chuma kwa chuma. Ghafla ile nafasi ikafa. Chuma kikakaa juu ya chuma, tok, na bolti zote zikaingia kwa vidole vitupu.

Niliwaza wavuvi wetu Wagenya pale kwenye maporomoko ya mto Kongo, wanavyosimama na watoto wao juu ya magogo, maji yakinguruma chini, mtoto akijifunza kushusha mtego, mkono wa baba ukiwa karibu lakini haumgusi.

Ni magari mangapi yameuawa mjini hapa kwa bolti za kuvutia! Sikio la giaboksi linavunjika, sahani inapinda, klachi inaanza kutetemeka wiki ya pili, na mwenye gari anaambiwa eti moteri ya Dubai ni mbovu. Siku hizi palipotakiwa gasketi panapakwa silikoni, inayofurika ndani na kuziba njia za oili. Bolti zinatupwa kwenye beseni moja, ndefu na fupi, na zikirudi kila moja inakwenda inapopata. Binti huyu alikuwa na kipande cha katoni alichochora umbo la injini kwa kalamu, na kila bolti imechomekwa mahali ilipotoka. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji mtu anayejali, na hilo ndilo ninaloliona likipungua.

Ujuzi huu ulipita njia ngumu kutufikia. Garaji kubwa za Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa zamani, zilikuwa za Wazungu, na baadaye wengi wa wenyewe walikuwa Wagiriki na Wareno. Mwishoni mwa Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza mali za wageni zikabidhiwe Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule. Maduka na garaji vikabadilisha wenyewe, mashine zikauzwa moja moja, lakini vijana waliokuwa wakishika taa na kuosha vipuri walikuwa tayari na kazi mikononi mwao. Ukaja uporaji wa 1991 na wa 1993. Ikaja Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katika mitaa yetu. Mto ulipofungwa na vita, mji ukapanda toleka, baiskeli za abiria, na garaji zikanyamaza. Fundi anasimulia kwamba miaka ile alizitoa pampu za dizeli kwenye magari ya wateja akazificha chini ya kitanda, ili askari wasiyachukue. Gari lisilo na pampu halina wa kulitamani. Amani iliporudi, kila pampu ilirudi kwenye gari lake.

Kwangu mimi ujuzi huo ulipitia kwa baba yangu, aliyeendesha kamio la Mercedes kati ya hapa na Buta, miaka ya 80, barabara ikiwa tope nusu ya mwaka. Kila jioni, kabla ya kuzima injini, alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni, akahama silinda moja baada ya nyingine. Kisha akaniwekea mimi. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baadaye nikaanza kubagua: huu mlio wa nozeli, hii ni valvu imelegea, hapa ni kimya kizuri. Hakunieleza kwa maneno. Alishikilia bisibisi pale mpaka uso wangu ubadilike, ndipo akahamia silinda nyingine.

Pale garajini, kabla ya kuwasha, binti wa fundi aliizungusha injini kwa stata bila dizeli mpaka mshale wa oili ukapanda. Kisha akalegeza nati za mabomba ya nozeli, mafuta yakatema mapovu, yakaendelea mpaka yakaja safi. Akakaza. Iliwaka mara ya pili, ikakohoa moshi, ikatulia. Fundi alimkabidhi bisibisi.

Vijana wa umri wake mtaani wako juu ya pikipiki. Siwalaumu, tumbo halina likizo. Lakini pikipiki ile ikifa inatupwa, inanunuliwa nyingine, na hakuna aliyeifungua kuona kilichoiua. Fundi alikuwa na wanagenzi; wote wanabeba abiria sasa. Amebaki na mtoto wake, baada ya masomo na Jumamosi.

Ile injini ya zamani ameiweka chini ya bati. Anataka likizo kubwa binti aifungue yote, krenki isagwe, iwekwe kusineti, yaani beringi zake, za saizi inayofuata, irudi kazini. Alizunguka soko kuu lote akiziulizia. Muuzaji wa vipuri alimjibu kwa heshima kwamba haleti tena kusineti, analeta moteri nzima nzima, na kwamba mtu pekee anayemwomba kitu kile, mwaka huu na mwaka jana, ni yeye.