Kabati la Kufungia Vumbi

Brashi ya waya haifiki kila mahali. Ukiipitisha juu ya silinda ya pikipiki, inang'arisha ncha za zile mbavu za kupozea injini na kuyaacha masizi yaliyogandamana katikati. Msasa nao hauchagui: unakwangua kutu na papo hapo unalainisha pembe ambayo mtengenezaji alitaka ibaki kali. Petroli inayeyusha grisi lakini kutu haiigusi. Huku Kiambere, kwenye nchi kavu ya Mbeere nchini Kenya, kazi ya kusafisha vyuma haiishi. Bodaboda zinabeba magunia ya muguka na ndengu kwenye barabara za vumbi, pampu zinavuta maji yenye udongo kutoka Mto Tana, na kila kipande kinachofunguliwa kwenye injini hizo kinatoka na ganda lake la uchafu.

Kwa vipande vidogo vya namna hiyo kuna chombo ninachokipenda kuliko vyote vya karakana, na ambacho fundi wa jua kali anaweza kujitengenezea: kabati la kurushia chembe. Ni sanduku lililozibwa pande zote, lenye dirisha la kioo, matundu mawili yenye glavu ndefu za kuingizia mikono, na bunduki ya hewa ndani yake. Unaweka kipande, unafunga mlango, unaingiza mikono, unafungua hewa. Chembe ndogo ngumu zinaupiga uchafu hadi ung'oke. Chembe moja haifanyi lolote la maana, ila zikiwa maelfu zinaingia katika kila kona ambako hewa inaweza kuingia.

Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, Marekani, ndiye aliyesajili uvumbuzi wa kurusha mchanga mwaka 1870, ingawa upepo na maji vilikuwa na ujuzi huo kabla yake. Ujuzi huo wa maji unatuhusu hata huku: kituo cha umeme cha Kiambere, kilichoanza kazi mwaka 1988, ndicho cha chini kabisa katika msururu wa mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana. Maji yanayokifikia yamekwisha kupitia Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na sehemu kubwa ya udongo wa nyanda za juu imetua huko njiani. Wahandisi wa vituo vya maji kokote wanajua neema ya jambo hilo, kwa kuwa punje za mchanga zikipita kwenye turbini mwaka baada ya mwaka zinakula chuma chake. Nguvu hiyohiyo inayoogopwa ndani ya bomba la maji, fundi anaifungia ndani ya sanduku na kuipa kazi.

Sanduku lenyewe halina ubishi mkubwa. Pipa la lita 200 lililolazwa linafaa. Friji iliyokufa inafaa zaidi, maana ina mlango na mpira wake tayari. Anayependa mbao anaweza kuunda fremu ya mukau, mti wa nchi kavu unaopandwa kwa wingi Kiambere na ambao mchwa hawautaki, kisha akaizungushia plaiwudi na kuitandika bati kwa ndani. Juu ya fremu kunalazwa wavu wa chuma wa kuwekea kipande, na chini yake faneli ya kukusanyia chembe zinazoanguka. Miteremko ya faneli iwe mikali. Nyuzi 45 au zaidi, la sivyo chembe zinakaa kando na bunduki inavuta hewa tupu. Matundu ya mikono yapimwe kwa mwili wa yule atakayefanya kazi, si kwa urembo wa sanduku. Asimame wima, viwiko vilegee, macho yaangukie katikati ya dirisha. Fundi aliyezoea kuinama siku nzima juani anastahili walau hilo kutoka kwa chombo alichokiunda mwenyewe.

Dirisha litachakaa. Chembe zinazoruka nyuma zinakifanya kioo kuwa na ukungu, kwa hiyo juu yake, upande wa ndani, kunabandikwa karatasi ya plastiki angavu inayobadilishwa kwa bei ya chai. Taa iwekwe nje, imulike kupitia kioo chake yenyewe.

Roho ya kabati ni bunduki. Hewa kutoka kwenye kompresa inapitishwa kwenye tundu jembamba na kutokea kwenye chumba kipana kidogo. Hapo inakwenda kasi sana, na shinikizo lake linashuka chini ya lile la hewa iliyotuzunguka, hivyo chembe zilizo chini ya faneli zinapanda zenyewe kupitia mpira wa pembeni na kurushwa nje pamoja na hewa. Hakuna pampu ya chembe, hakuna injini ya pili. Ule mpira unaovuta sharti uwe na kitundu cha kuingizia hewa karibu na chembe, kwa sababu chembe peke yake hazitiririki. Zinahitaji hewa ya kuzibeba. Fundi hulipanua tundu hilo na kulipunguza mpaka mlio wa bunduki ubadilike kutoka kukoroma na kukatika hadi mvumo mmoja usioyumba. Sikio ndilo linalopima.

Kompresa ya wale wanaoziba pancha sokoni inatosha kuanzia, mradi fundi asiwe na tamaa ya tundu kubwa. Kipenyo cha tundu la hewa kikiongezwa mara mbili, hewa inayotumika inaongezeka mara nne, na tanki linaisha kabla ya kutu. Ncha ya chuma cha kawaida inaliwa upesi; ya kauri inadumu. Maji pia ni adui. Hewa ikishindiliwa inapata joto, na ikipoa njiani unyevu wake unatonesha. Chembe zikilowa zinashikamana na bunduki inakaba. Ndiyo sababu bomba refu la chuma linalopanda kwenda juu, likifuatiwa na chujio la maji, lina thamani kuliko mpira mfupi unaotoka moja kwa moja kwenye kompresa.

Sasa tuje kwenye mchanga, kwa sababu hapa ndipo ninapomheshimu fundi au ninapomhurumia. Mbeere ina mchanga. Uko kwenye vijito vyote vilivyokauka, na malori yanauchukua kwenda kwa wajenzi. Mtu aliyemaliza kuunda kabati lake, akiwa ametumia akiba yake yote kwenye kompresa, anauona mchanga wa bure hatua chache kutoka mlangoni. Asiutie. Mchanga wa mto una madini mengi ya kwatsi, na kwatsi ikigonga chuma inapasuka na kuwa vumbi lisiloonekana kwa jicho, linalopita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na huko linabaki. Mapafu yanaota makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na unakifungulia njia kifua kikuu. Uingereza ilipiga marufuku mchanga katika kazi ya kupuliza vyuma vya kalibu kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki ilichelewa hadi 2009, baada ya vijana waliokuwa wakipauza suruali za jinzi kwa mchanga kuanza kufa kwa kukosa pumzi. Walikuwa vijana, na suruali zile ziliuzwa kwa sababu zilionekana zimechakaa.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na sheria hiyo inahusu kila mahali pa kazi, hata kibanda cha mabati. Lakini mkaguzi hatafika Kiambere kila Jumatatu. Anayeamua kitakachoingia kwenye faneli ni fundi peke yake, na uamuzi huo mimi nauhesabu kuwa sehemu ya ufundi sawa na kuchomelea mshono usiovuja.

Vibadala vipo. Kuna shanga ndogo za kioo, zilezile zinazonyunyizwa kwenye rangi ya barabara ili ing'ae usiku. Zinasafisha alumini na kuiachia mng'ao mwororo bila kuikata. Kuna oksidi ya alumini, kali, ya kutu sugu na rangi ya zamani. Vyote viwili vinanunuliwa, lakini ndani ya kabati zuri vinazunguka tena na tena kabla ya kuchoka. Na kuna magunzi. Magunzi ya mahindi yakikaushwa, yakasagwa na kuchekechwa, yanaondoa masizi na grisi iliyokauka kwenye alumini laini, na kutu hayaiwezi. Nchi nyingine zinayauza yakiwa yamefungwa kwenye mifuko. Huku yanaishia jikoni kuwasha moto. Anayeyatumia akumbuke kwamba unga wake unashika moto, kwa hiyo kabati lifungwe waya wa kupeleka umeme tuli ardhini, na cheche zikae mbali.

Hata chembe zilizo salama zinatoa vumbi la kile zinachokibandua: rangi ya zamani yenye risasi, kutu, masizi. Kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote, na isiyosifiwa na mteja yeyote, ni kuziba. Ukanda wa tyubu ya gari kuzunguka mlango. Silikoni kwenye kila mshono. Feni ndogo inayovuta hewa kutoka ndani kupitia chujio na kuitoa nje ya karakana, ili pakiwa na ufa, hewa safi iingie badala ya vumbi kutoka. Kuna namna ya kupima ninayoipenda kwa wepesi wake: usiku, funika dirisha na kioo cha taa, weka taa inayowaka ndani ya kabati, zima nyingine zote, kisha lizunguke. Palipo na mwanga pana njia ya vumbi. Fundi anaziba, anazunguka tena, hadi kabati liwe giza tupu upande wa nje.

Jua kali imewahi kuchukua chombo cha wengine na kukifanya chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi walichukua wazo la jiko la Thailand, wakalipa umbo lao, na jiko la kauri likaenea Kenya kwa sababu lilimpunguzia mama wa nyumbani matumizi ya mkaa na ya hela. Faida ya kabati hili haionekani mfukoni upesi hivyo. Inaonekana kwa fundi wa miaka hamsini anayepanda kilima bila kusimama njiani.

Anayelijua kabati lake anajua pia kipi kisiingie. Beringi haziingii, wala mhimili wowote unaozunguka kwenye mafuta, kwa sababu chembe zinazojificha humo zitaendelea kusaga hata baada ya kazi kwisha. Mwili wa kabureta unaingia ukiwa umezibwa njia zake zote. Ukitoka unaoshwa, unapulizwa tundu kwa tundu, na kuelekezwa kwenye mwanga ili jicho lipite pale mafuta yatakapopita. Vipande vya chuma vinapakwa mafuta siku hiyohiyo, kabla mtu hajavishika kwa kidole chenye jasho, maana chuma kilichosafishwa hivyo hakina kinga yoyote, na kutu inaanzia pale kidole kilipogusa.