Mtafiti ni Mimi

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili zinazoandikwa vyuoni mwetu kuna mtu asiyekosekana: mtafiti. Mtafiti alikwenda uwandani, mtafiti aliwahoji watoataarifa, mtafiti alikumbana na changamoto ya usafiri. Msomaji hachelewi kung'amua kwamba mtafiti huyo ndiye mwandishi mwenyewe, anayejitaja kana kwamba anamtaja jirani. Sisi wanafunzi tunafundwa kuandika hivyo tangu usuli wa tatizo hadi mapendekezo. Lakini mwanafunzi yuleyule akiandika makala ya gazeti, "nimeona" na "nadhani" hurudi bila kuitwa. Wengi huamini kwamba huko ni kuhama nchi: kule elimu, huku hisia. Mimi nashikilia kwamba ufundi ni mmoja. Sentensi nzuri, iwe ya tasnifu au ya insha, humwonyesha msomaji dai limetoka wapi na nani analibeba. Mtindo wa kitaaluma hutaja chanzo, mwaka na mbinu; mtindo wa binafsi humweka hadharani anayepima. Anayejua kazi yake huvihitaji vyote viwili.

Sayansi yenyewe ilianza kwa watu waliothubutu kujitaja. Jarida la Philosophical Transactions lilipoanzishwa London mwaka 1665 na Henry Oldenburg, mengi yaliyochapishwa humo yalikuwa barua. Isaac Newton alipotangaza humo mwaka 1672 fikra zake kuhusu mwanga na rangi, alisimulia kwa nafsi ya kwanza jinsi alivyopata mche wa kioo, akatia chumba chake giza, akaacha mwanga wa jua upenye tundu dogo dirishani, kisha akashangaa kuona rangi zimetandaa ukutani kwa umbo refu, urefu wake kama mara 5 ya upana. Mshangao ule haukulegeza hoja. Msomaji alipewa chumba, kifaa na kipimo, na aliyetilia shaka aliweza kujaribu mwenyewe. Charles Darwin naye, katika On the Origin of Species ya mwaka 1859, anajitaja tangu mwanzo, na anatenga sura nzima kwa matatizo ya nadharia yake. Nafsi inayojitokeza kudai ndiyo hiyohiyo inayojitokeza kukiri ugumu. Ukiiondoa, sijui nani atabaki kukiri.

Upande wa pili, ule wa insha, nao unashuhudia vivyo hivyo. Michel de Montaigne wa Ufaransa, aliyetoa Essais mwaka 1580 na kujifanya yeye mwenyewe kuwa mada ya kitabu, alijaza kurasa zake maneno ya Seneca, Plutarch na washairi wa Kilatini, akaendelea kuongeza mengine pambizoni hadi karibu na kifo chake mwaka 1592. Kwetu, Shaaban Robert, aliyetuachia Kielezo cha Insha, aliandika wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kwa sifa zilizo wazi, bila kujificha nyuma ya maneno baridi. Msomaji anajua anamsikiliza nani, basi anaweza kuzipima sifa hizo, na mpaka leo wanaomchunguza Siti hukirudia kitabu hicho.

Nitaambiwa kwamba nafsi ya kwanza huleta upendeleo. Upendeleo hauji na kiambishi. Aliyehoji watu 20 katika mtaa mmoja akaandika "imebainika kwamba vijana hawasomi vitabu" amependelea hitimisho lake kuliko yule aliyeandika "niliwahoji vijana 20 wa mtaa mmoja, na wengi waliniambia hawasomi". Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la adabu: kwa malezi yetu, kijana kusimama mbele ya wakubwa na kusema "mimi, mimi" ni majivuno. Naiheshimu hoja hii, kwa kuwa kweli kuna maandishi ambayo mwandishi amejaa ndani yake hadi mada imekosa pa kukaa. Lakini "nadhani" ni unyenyekevu kuliko "ni dhahiri". La kwanza linaomba kusikilizwa. La pili linamnyima msomaji nafasi ya kuuliza. Hata mwongozo wa APA, ambao idara nyingi hututaka tuufuate katika marejeleo, unamshauri mwandishi ajitaje kwa nafsi ya kwanza anapoeleza kazi aliyoifanya mwenyewe. Ripoti ya maabara ni jambo jingine: myeyusho ukichemshwa kwa dakika 10, jina la aliyeuchemsha halibadilishi kitu, na hapo kauli ya kutendwa inastahili kabisa.

Deni lisilosemwa sana ni la upande wa insha. Tunaopenda uandishi wa binafsi tumezoea "inasemekana" na "wazee walisema", kana kwamba uhuru wa mtindo umetusamehe kazi ya kuuliza ni mzee gani, wa wapi, alisema akijibu nini. Msimamizi wa tasnifu angepiga mstari mwekundu chini ya maneno hayo, na angekuwa na haki. Mwalimu wa insha naye apige mstari uleule, kwa kalamu ileile, na mwanafunzi arudi kumtafuta mzee huyo.