Mwamba, Mashapo na Dahari: Uhakiki wa Istilahi za Jiolojia katika Kiswahili

Mara nyingi istilahi za sayansi katika Kiswahili hupimwa kwa swali moja tu: je, neno lipo au halipo? Kipimo hiki hakitoshi. Neno laweza kuwapo, likakubaliwa na kuandikwa vitabuni, na bado likampotosha mwanafunzi. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za elimu ya miamba, udongo na umri wa dunia, ili kuonyesha kwamba tatizo si uhaba wa maneno, bali ni kutozingatiwa kwa maana na umbo la maneno yaliyopo.

Wanajiolojia hugawa miamba katika makundi matatu kwa kufuata asili yake. Kundi la kwanza ni la miamba iliyotokana na mawe yaliyoyeyuka, kama ile ya Longonot na Menengai. Wako waiitao "miamba ya moto". Jina hili lataja chanzo na kusahau tendo. Moto peke yake hauumbi mwamba. Kinachouumba ni kupoa na kuganda. Kwa hivyo "mwamba wa mgando" ni istilahi bora, kwani yeyote ajuaye jinsi maziwa yanavyoganda amekwisha kupewa nusu ya somo.

Kundi la pili huitwa "miamba mashapo". Hapa Kiswahili kimefaulu. Mashapo ni masazo yatuamayo chini ya chombo, na ndivyo mchanga na tope vinavyotuama chini ya ziwa au bahari, tabaka juu ya tabaka, hata vikashikamana vikawa jiwe. Hata hivyo, jiwe la matumbawe la pwani, ambalo huwekwa katika kundi hili, kwa sehemu kubwa halikutuama. Lilijengwa na viumbe hai. Mwalimu hana budi kulieleza hilo, kwani jina halimsaidii.

Kundi la tatu, "miamba geu", ndilo lenye kasoro kubwa zaidi. Msikilizaji hawezi kulisikia neno hili asikumbuke kigeugeu, mtu abadilikaye kwa hiari yake. Mwamba haujigeuzi. Miamba ya milima ya Taita iligeuzwa na joto na mgandamizo ndani sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kiswahili kina mnyambuliko wa kuyatenga mambo haya: geuka, geuza, geuzwa. "Mwamba uliogeuzwa" ni refu zaidi, lakini lina ukweli ambao lile fupi limeupoteza.

Katika habari ya udongo, kitenzi "momonyoka" kimebebeshwa mzigo wa matendo mawili. La kwanza ni kuoza na kuvunjika kwa mwamba pale pale ulipo. La pili ni kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo. Tendo la kwanza huzaa udongo, la pili huuondoa. Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya ni zao la kuoza kwa miamba ya volkeno, na sentimita chache tu za udongo huhitaji mamia ya miaka. Anayeyaita matendo yote mawili kwa jina moja hawezi kumweleza mkulima kwa nini hasara ya mvua moja hailipiki katika umri wake.

Tatizo gumu kuliko yote ni la wakati. Ujenzi wa Ngome ya Yesu, Mombasa, ulianza mwaka 1593. Jiwe la matumbawe la pwani hiyo lina umri wa miaka 125,000 hivi, na dunia yenyewe yapata miaka milioni 4,540. Yote matatu husemwa kuwa ni ya "zamani za kale". Aidha, "Zama za Mawe" humfanya mwanafunzi adhani kwamba ndipo mawe yalipoumbwa, ilhali zana kongwe za mawe zilizopatikana Lomekwi, Turkana, zina miaka milioni 3.3 tu. Yafaa maneno yapangwe kwa ngazi: dahari iwe muda mkubwa kabisa, ndani yake zama, na ndani ya zama kipindi, na kila moja litumiwe kwa ngazi yake tu.

Yamkini wako watakaosema kwamba ni rahisi zaidi kukopa. Kukopa si aibu, na majina kama Kambria na Jura hayana haja ya kutafsiriwa. Lakini kuganda, kutuama, kugeuzwa na kuoza ni matendo ambayo Kiswahili kiliyajua kabla ya kuwapo darasa la jiolojia. Mwanafunzi akinyimwa maneno hayo atakariri majina ya miamba bila ya kujua kwamba kila jina ni habari ya jambo lililotendeka.