Raha ya Kunyonga Baiskeli

Hamu ya mwendesha baiskeli wa mashindano haizimiki siku anaposhindwa. Huzimika polepole, mara nyingi katikati ya msimu mzuri, na mwenyewe huwa wa mwisho kugundua. Baiskeli inalala na matope yake hadi kesho. Asubuhi zinatafutwa sababu: leo upepo, juzi mvua, jana goti. Miezi kadhaa baadaye bado anashindana, na pengine anashinda, lakini tangu kilomita ya kwanza anachongojea ni mstari wa mwisho tu.

Walimu wa mchezo huu hutenganisha uchovu wa mwili na uchovu wa moyo. Aliyechoka mwili hujulikana kabla hajatoka kitandani: mapigo yake ya asubuhi yako juu kuliko kawaida, usingizi unakatika, na miguu ni mizito hata baada ya siku mbili za kupumzika. Dawa yake ni mapumziko ya kweli, ya wiki au hata miezi. Aliyechoka moyo ana miguu mizima na hana pa kuipeleka. Uchovu huu wa aina mbili hupenda kufuatana, ndiyo maana dawa hukosewa mara kwa mara: anayehitaji kulala anaambiwa ajikaze, na anayehitaji kubadili namna yake ya kuendesha anaambiwa alale.

Chanzo cha uchovu wa moyo kilipata kuchunguzwa mbali kabisa na barabara. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci alichapisha majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu kwa kutumia mafumbo ya vipande vya kupanga. Baadhi yao walilipwa kwa kila fumbo walilofumbua, wengine hawakulipwa kitu. Malipo yalipoondolewa, waliokuwa wakilipwa walielekea kupoteza hamu ya kuvichezea vipande hivyo wakati wao wa mapumziko. Fedha ilikuwa imekaa mahali pa raha. Kwa mwendesha baiskeli, mahali hapo hukaliwa na zawadi, na pointi, na siku hizi na kipimo cha wati kinachomhesabia kila mzunguko wa pedali. Si kwamba zawadi ni mbaya. Anayesema hivyo hajawahi kutafuta tairi la mashindano kwa kipato cha mtu wa Kamina, mji wa Kongo. Shida huanza pale zawadi inapobaki sababu pekee ya kupanda baiskeli.

Mholanzi Tom Dumoulin, bingwa wa mbio za Giro d'Italia mwaka 2017, aliiacha kambi ya timu yake Januari 2021 akarudi nyumbani bila kusema atarejea lini. Alirejea Juni, na tarehe 28 Julai mwaka huohuo akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo katika mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kikaishia hapo. Mwaka uliofuata Dumoulin aliacha mashindano kabisa. Mapumziko yalimpa nafasi ya kuchagua, na safari ya pili akachagua kuondoka.

Karibu na nyumbani kuna mfano ulioenda mbali zaidi, wa Mkenya Suleiman Kangangi. Alifika pale ambapo wengi wa Afrika Mashariki huota kufika: alishika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, na kwa miaka kadhaa akaendeshea timu ya Kijerumani ya Bike Aid. Angeweza kuendelea hivyo, mwajiriwa wa kawaida wa mbio za kawaida, hadi miguu imkatalie. Badala yake akageukia mbio za barabara za changarawe akiwa nahodha wa Team Amani, iliyokusanya waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Kutoka humo yakazaliwa mashindano ya Migration Gravel Race, yaliyoanza Juni 2021 katika nchi ya Wamaasai, siku nne za vumbi, mawe na vivuko vya mito. Hoja ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: kijana wa Kiafrika hulazimika kutafuta viza, tiketi na kocha wa Ulaya ili apimwe kwenye lami za watu, ilhali barabara ya vumbi aliyojifunzia inaweza kuwa uwanja, na wazungu wakaja wao. Kangangi alifariki dunia tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za aina hiyo huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Alikufa akifanya aina ya mbio aliyoichagua mwenyewe, jambo ambalo halipunguzi msiba, ila linaonyesha kazi yake ilikuwa imeelekea wapi.

Wa tatu ni Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem ya Ubelgiji na hatua moja ya Giro, na jicho lake likapigwa na kizibo cha chupa palepale jukwaani. Mwaka uliofuata ulikuwa mwembamba. Tour de France ya 2023 ilimwachia mikono mitupu. Mei 2024 alianguka na kuiacha Giro siku ya nne. Miezi miwili hivi baadaye akashinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Hakuna aliyeweza kuipima hamu yake kwa kifaa katika wiki zile za katikati, na hilo linafaa kukumbukwa na wanaoamini kila kitu cha mchezo huu kinasomeka kwenye skrini.

Kinachopendwa hasa katika mchezo huu ni kazi ya mikono na ya mwili, na kazi hiyo huonekana wazi zaidi mahali ambapo mashindano ni machache. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni mahali pa namna hiyo. Mji umekaa kwenye njiapanda ya reli, mkono mmoja ukishuka Lubumbashi, wa pili ukienda Ilebo, wa tatu ukielekea Kabalo. Treni inapokawia, mizigo hupanda baiskeli. Ubelgiji, nchi ya bingwa wa baiskeli Eddy Merckx, iliitawala Kongo kuanzia 1908 hadi 1960, lakini baiskeli, ambayo Katanga wengi huiita kinga, ilibaki zaidi kuwa mnyama wa mzigo. Mahindi, makaa, mafuta ya mawese na samaki wakavu wa maziwa ya Upemba husafiri kwa magurudumu mawili yenye fremu iliyoongezwa vyuma. Mlimani mwenye mzigo hushuka akasukuma, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa usukanini, mwingine kwenye mti uliosimamishwa nyuma ya tandiko.

Mwanamashindano anayetoka kufanya mazoezi kwenye barabara hizi huwapita watu hao kila siku, na ni vigumu kujiona shujaa mbele ya gunia la mahindi. Wanaosukuma mizigo wana ujuzi ambao vitabu vya mchezo hutumia kurasa nyingi kuueleza. Wanajua mwendo wa kushika asubuhi ili jioni miguu iwe ingalipo. Wanajua kusoma mchanga: ukanda mwembamba uliokazwa na nyayo pembeni mwa barabara hubeba tairi, na katikati, lori lilipopita, gurudumu huzama. Mchanga ukishakamata, anayefunga breki ameanguka. Mikono hulegezwa usukanini, uzito hurudishwa nyuma, pedali zinaendelea kuzunguka bila kusita, na gurudumu la mbele huachwa litafute njia lenyewe. Mwenye akili hutoa upepo kidogo kwenye matairi kabla ya kufika hapo, ili yatandae.

Ufundi wa pili uko chini ya kivuli cha fundi baiskeli. Rimu iliyopinda hunyooshwa kwa vidole na subira. Baiskeli inageuzwa, inasimama kwa tandiko na usukani. Gurudumu linazungushwa, na kucha ya kidole gumba inasogezwa hadi iguse rimu. Inapokwaruza, hapo ndipo rimu imeelekea. Fundi haigongi. Anakaza spoki ya upande wa pili kwa robo mzunguko, pengine analegeza ya upande huu kiasi hichohicho, anazungusha tena, anasikiliza. Spoki iliyolegea hutoa sauti butu ikikwanyuliwa, iliyokazwa inalia. Asiye na haraka humaliza kazi hiyo kwa muda wa kunywa chai, na gurudumu huzunguka limenyooka. Mshindani aliyeacha mashine yake mikononi mwa wengine kwa miaka, kama timu kubwa zinavyozoesha watu wao, hupata hapa kitu ambacho hakina nafasi ya kwanza wala ya kumi.

Mkenya David Kinjah alilielewa hilo mapema. Katika karakana yake ya Kikuyu, magharibi ya Nairobi, vijana wa kundi lake la Safari Simbaz hujifunza kutengeneza baiskeli sambamba na kuziendesha. Mmoja wa waliopitia mkononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Froome ndiye aliyemfanya Kinjah ajulikane sana Ulaya, lakini karakana ilikuwapo kabla ya umaarufu huo na iliendelea baada yake.

Mashindano yenyewe hayapotezi thamani kwa kuwekwa nyuma ya ufundi. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika, na katika mbio kuu za wanaume waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Asiyekuwa na sababu nyingine ya kuwa pale ila medali alikuwa na siku ndefu mno.

Njia ya kuirudisha hamu haina miujiza. Kifaa cha kuhesabu hufunguliwa na kuwekwa sandukuni kwa mwezi mmoja au miwili. Njia hubadilishwa, na kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndicho wakati wake, kwa kuwa masika huzifanya barabara za Haut-Lomami kuwa matope. Halafu wanatafutwa watu wa kuendesha nao, hasa wadogo, maana anayefundisha hulazimika kuuona upya ujuzi aliokwisha kuusahau mwilini mwake. Somo la kwanza huwa upepo. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika kuushinda upepo huongezeka mara nane; anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa karibu theluthi ya kazi hiyo, na utafiti uliochapishwa na mtafiti Bert Blocken na wenzake mwaka 2018 ulionyesha kwamba katikati ya kundi la watu 121 ukinzani wa hewa unaompata mtu unaweza kushuka hadi kati ya asilimia 5 na 10 ya ule wa anayeendesha peke yake. Mtoto haambiwi hesabu hizo. Anawekwa nyuma, gurudumu lake likiwa shubiri chache kutoka la mbele, anaonywa asilikodolee macho bali atazame mabega ya aliye mbele, na anaachwa asikie kelele ya upepo inavyokatika masikioni. Hilo hujifunza upesi. Kushika zamu ya mbele bila kuongeza kasi kwa pupa humchukua muda mrefu zaidi.