Farmasi inajua kilo za mtoto, haijue akili yake

Mimi ni agronomo, lakini mtoto wa dada yangu alinifanya nisome kitabu cha watu wa dawa.

Ana miaka 9, ana kifafa. Walimupa fenobarbitali na kifafa kikapunguka. Kisha akaanza kupiga wenzake na kukosa utulivu, mpaka shule ikamurudisha nyumbani. Jirani wakasema ni pepo. Dada akakimbilia farmasi ya karibu, na kijana wa staji akamuuzia siro ya kulalisha. Hakuuliza hata: mtoto anakunywa dawa gani ingine?

Mwongozo wa mhGAP wa OMS, toleo la 2.0 la mwaka 2016, unajibu wazi: mtoto wa kifafa mwenye shida ya tabia, fenobarbitali iepukwe. Kitabu ni kizuri, juu kinaanza na mzazi, nyumba na shule, kidonge kinakuja nyuma. Kwa mashaka ya moyo ya mtoto, muganga asiye mtaalamu hata haruhusiwi kutoa dawa.

Lakini kiko na shimo. Kimeandikiwa zaidi daktari na infirmye wa kituo cha afya. Kwetu mlango wa kwanza ni farmasi, na yule wa kwenye kontwari hakufikiriwa sana.

Iniversite nazo hazizibe shimo hilo. Rafiki yangu anayemaliza farmasi aliniambia: « Molekule tunazijua, dozi kwa kilo tunazijua. Mtoto mgonjwa wa akili, sijaona hata moja. » Sisi agronomo tunafundishwa kwamba mche wa pepinieri haupulizwi sawa na mti mzima, na kabla ya kupuliza unauliza juzi walitia nini. Je, mtoto ni chini ya mche?

Wataniambia masaa ya masomo hayatoshi. Siombe wawe madaktari wa akili. Waweze tu kuuliza (umri, dawa ingine, tabia ilibadilika lini), kukataa kuuza, na kutuma kwa mwenye kujua. Bukavu iko Sosame, Goma iko Tulizo Letu: hata wiki moja ya staji ingesaidia.

Daktari alibadilisha dawa pole pole, juu kukata fenobarbitali gafula kunaweza kurudisha kifafa kwa nguvu. Leo mtoto iko darasani, lakini alipoteza trimestre nzima.

Wanafunzi wa farmasi muko humu: hilo swali la dada yangu, nani alishawafundisha kuliuliza?