Tusikilize maneno kabla ya kuuita wimbo ‘wa Kihindi’

Juzi nilikuwa barazani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na redio ya muuza kahawa ikicheza wimbo wa Juma Bhalo. Kijana mmoja akacheka. “Ah, hizi si za Kihindi tu, mzee? Tuni ya filamu hiyo.” Mzee aliyeketi kando yangu akamjibu: “Sikiza maneno, mwanangu.” Kijana akarudi kwenye simu yake. Jina lilikuwa limeshamwambia cha kusikiliza.

Wapwani tumeupa muziki wetu majina kwa njia tofauti. Neno ‘taarab’ asili yake ni Kiarabu, tarab, yaani ile hali ya mtu kuguswa moyo na wimbo. Hilo hutaja linalompata msikilizaji. Chakacha ni ngoma ya wanawake ya harusini. Zuhura Swaleh na wenziwe walipoyatia mapigo yake katika taarab, jina likayafuata. Basi ukiambiwa ‘chakacha’, kiuno hujiandaa kabla ya sikio. Njia ya tatu ni kutaja chimbuko la sauti. Udi wa Zein l’Abdin ukaitwa taarab ya Kiarabu, naye Bhalo akabaki na ‘taarab ya Kihindi’.

Jina hili la mwisho si la uongo. Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi, na wapenzi wake walilijua hilo. Ila linataja nusu ya kazi tu. Nyimbo zake kadha zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa Malenga wa Mvita, diwani iliyotoka mwaka wa 1971. Kalamu ni ile ile, na Kimvita ni kile kile. Kilichochapishwa tunakiita shairi na kukitungia maswali ya mtihani. Kilichoimbwa tunakiita cha Kihindi na kukiachia harusi. Mimi mwenyewe nina hatia: nilifundisha ushairi wa Mvita miaka mingi bila kuwachezea wanafunzi hata wimbo mmoja.

Tena, kutia maneno ya Kimvita katika tuni iliyotungiwa lugha nyingine si kazi ya kubeza. Mtunzi hana budi kuhesabu mizani upya, atafute vina vitakavyotua pale sauti inapotua, na fumbo lake bado lieleweke barazani. Anayesikia ‘Kihindi’ pekee hawezi kuuona ufundi huo, sembuse kuuhakiki.

Sidai tulifute jina, watu wameshalizoea. Ninachoomba ni kwamba watangazaji wamtaje mtunzi pamoja na mwimbaji, nao wahariri wa diwani waziandike nyimbo hizi kwa beti zake, zisomwe kama mashairi mengine. Wazee wanaozijua kwa moyo wanapungua kila mwaka. Tukichelewa, tutabaki na tuni, na hizo kweli zitakuwa za Kihindi tu.